Ujirani wa mboga katika tuta la bloku

Tuta langu la kwanza la mboga nilijengewa mwezi Januari 2020, nyuma ya jiko la nyumba yetu Kigamboni, mahali ambapo ardhi ni mchanga mtupu na maji unayomwagilia hupotea chini kabla hujairudisha ndoo kisimani. Fundi alipanga bloku 40 hivi kwa safu mbili, bila saruji kati yake, tukapata sanduku lisilo na kitako lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 1.2 na udongo wa kina cha sentimita 40. Upana huo aliuchagua mume wangu baada ya kunipima urefu wa mkono, kwa sababu tuta la namna hii halikanyagwi, na mtu asiyeweza kufika katikati akiwa amesimama pembeni ataishia kulikanyaga tu, hata akijiapiza. Kulijaza kulichukua toroli zaidi ya 20 za udongo mwekundu ulioletwa kwa gari, samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza, pumba za mpunga na kiasi cha mchanga wetu wenyewe. Nilidhani kazi ngumu imekwisha.

Nilikuwa na orodha ya mimea rafiki niliyoinakili katika daftari kutoka vitabu vya bustani vya nchi za nje, nami niliiamini kama mtoto wa darasa la tatu anavyoamini ramani iliyobandikwa ukutani. Ilisema kwamba nyanya hupatana na mrehani, karoti hupatana na vitunguu, maharage huilisha kila mboga iliyo karibu yake, na maua ya marigodi huwalinda wote. Mwanzoni mwa Machi, siku chache kabla masika hayajakolea, nilipanda vyote kwa pamoja: miche 12 ya nyanya katika mistari miwili ya katikati, mrehani kati ya mche na mche, karoti na vitunguu ukingo mmoja, maharage ukingo wa pili, na marigodi katika pembe nne. Kwa kuwa palionekana bado pana upenyo, nikapachika hoho tatu, na mnafu uliojiotea wenyewe kutoka kwenye samadi nikauacha, maana sikuwa na moyo wa kung'oa mboga ambayo nyumbani kwetu tunaila kwa hamu.

Kwa wiki tatu tuta lile lilipendeza kiasi kwamba jirani alimleta dada yake kulitazama. Katikati ya Aprili mvua ikawa ya kila siku, majani ya nyanya yakashikana kutoka mstari mmoja hadi wa pili, na chini yake pakawa na giza na unyevu ambao haukukauka hata saa nane za mchana. Madoa ya kahawia yenye miviringo ndani ya miviringo yakaanzia kwenye majani ya chini na kupanda juu. Ndio ugonjwa wa bakajani tangulia, nilijua baadaye. Maharage yalipokosa pa kushika yalizikumbatia hoho hadi zikalala. Karoti sikuziona tena baada ya kuchipua. Mavuno ya msimu mzima yalikuwa sufuria moja ya nyanya zenye mabaka, vitunguu vya majani, na mrehani mwingi ajabu, ambao nilimgawia kila aliyepita, kwani pwani mrehani hatuupandi kwa ajili ya kulinda nyanya bali kwa ajili ya vikuba na harufu ya nyumba siku za shughuli, na kwa hiyo angalau majirani walifaidi.

Mwezi Juni mama yangu alikuja kutoka Lushoto kututembelea. Alipofika nyuma ya jiko alilizunguka tuta mara moja, akainama, akafunua majani kwa kidole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa wote ulitaka wale wapi?" Nikamweleza habari ya mimea kupendana. Alinisikiliza kwa adabu ileile anayomsikilizia bwana shamba kijana, halafu akasema kwamba yeye hajawahi kuona mahindi yakimpenda mtu, ila anajua kwamba maharage ya kutambaa yanataka mti wa kupandia, na kwamba ukiyapanda siku moja na mahindi yatayavuta chini kabla bua halijakomaa, ndiyo maana yeye husubiri mahindi yafike magotini.

Maneno yale yalinikaa kwa sababu nilikulia katika shamba hilohilo bila kulitazama. Milimani kwetu mahindi, maharage na maboga hukaa pamoja, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba jambo hilo lina jina. Mazao hayo matatu yote asili yake ni bara la Amerika, ambako wenyeji wake waliyapanda pamoja tangu zamani, yakavuka bahari hadi kwetu. Vivyo hivyo, aliyewahi kuingia katika kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha Wachagga kule Kilimanjaro ameona migomba juu, kahawa chini yake, na chini kabisa magimbi na maharage, kila mmoja katika ghorofa yake. Nilipolitazama tuta langu kwa jicho hilo, niliona kwamba nilikuwa nimewapangisha wapangaji wote ghorofa moja, chumba kimoja, mwezi mmoja. Orodha yangu ilikuwa imenieleza nani akae na nani, lakini haikunieleza kwa umbali gani, kwa muda gani, wala nani atangulie kuingia.

Basi nikaanza upya na miche minne tu ya nyanya. Nafasi ya sentimita 50 hadi 60 kati ya mche na mche si anasa ya mwenye shamba kubwa. Ni kipimo cha upepo unaohitajika kukausha majani. Katika tuta lenye udongo mzuri kishawishi cha kubananisha ni kikubwa zaidi kuliko shambani, kwa sababu udongo huo umeugharimia na kila kiganja kilicho wazi kinaonekana kama hasara. Nilijifunza kuziba mianya hiyo kwa mboga ambazo zitaondoka mapema. Mchicha wa kung'oa, ukiumwaga siku unayohamishia nyanya, huwa tayari kwa sufuria baada ya wiki tatu au nne, wakati nyanya ndiyo kwanza inaanza kutanua mabega. Ukiung'oa wote wakati huo, nyanya hupata nafasi yake na wewe umekwisha kula mafungu kadhaa ambayo ungeyanunua gengeni. Ukiuchelewesha kwa wiki mbili kwa sababu ya huruma, kama nilivyofanya mara moja, unakuwa mgumu, unaanza kutoa mbegu, na nyanya inarefuka kama mtu anayechungulia juu ya umati. Kwa hiyo katika daftari langu siku hizi mbele ya kila mboga pana tarehe mbili, ya kuingia na ya kutoka, na hiyo ya kutoka ndiyo ninayoitii zaidi.

Vitunguu ndivyo vilivyonishangaza kwa wema. Jani la kitunguu ni jembamba na limesimama, halimnyimi mtu jua, na mizizi yake ni mifupi na haiendi mbali. Kwa hiyo kinakaa vizuri ukingoni mwa karibu mboga yoyote, si kwa sababu ya siri fulani ya harufu bali kwa sababu hakina tamaa. Habari ya kitunguu kuilinda karoti niliifuatilia hadi nikagundua kwamba mdudu anayezungumziwa ni nzi wa karoti, ambaye ni msumbufu wa bustani za nchi za baridi. Huku kwetu pwani adui wa karoti yangu alikuwa joto, pamoja na vipande vya samadi vilivyoufanya mzizi ugawanyike kama suruali. Nilikuwa nimeajiri mlinzi dhidi ya mwizi ambaye hajawahi kufika Kigamboni. Karoti niliziacha, za Lushoto huja kwa basi, tena ni tamu.

Jambo jingine ambalo vitabu vile vilinipotosha ni jua. Vinashauri mimea mirefu ikae upande wa kaskazini ili isiwatie wengine kivuli, nami nilitii kwa kuweka bamia upande huo msimu wangu wa pili. Shauri hilo ni sahihi kwa Ulaya, ambako jua la mchana huwa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba jua la mchana liko kaskazini mwetu na kivuli huangukia kusini. Kuanzia Oktoba hadi Machi mambo hugeuka. Bamia zangu za mwezi Juni, zikiwa zimesimama kaskazini kama nilivyoelekezwa, ziliwafunika chainizi kwa kivuli kirefu asubuhi hadi jioni, nazo chainizi zikawa dhaifu na za manjano. Ilinibidi kuchomeka kijiti katikati ya tuta na kuandika kivuli chake kinaangukia wapi kila mwezi kwa mwaka mzima, kazi ambayo wanangu waliiona kuwa dalili ya uzee.

Kijiti kile kilinifundisha pia kwamba kivuli si adui wakati wote. Mwezi Januari na Februari, kaskazi inapovuma na bloku zinachoma hadi huwezi kuziegemea, giligilani na chainizi zilizo wazi hukimbilia kutoa maua kabla hazijaliwa, lakini zile zilizo kwenye kivuli cha bamia au cha chanja ya kunde huchelewa kidogo, na ucheleweshaji huo ndio mboga yenyewe. Kwa hiyo sasa mimea mirefu naihamisha kulingana na msimu: nikitaka kuwapa wafupi jua naiweka upande ambao kivuli chake kitaangukia nje ya tuta, na nikitaka kuwastiri naiweka upande wa pili. Hesabu hiyo ni rahisi ukiwa na kijiti, na bila kijiti mimi bado huwa nakosea.

Kosa lililoniuma zaidi lilihusu ukoo. Nilijua kwa kichwa kwamba nyanya, hoho, pilipili, bilinganya, ngogwe, mnafu na viazi mviringo ni wa familia moja, lakini sikuwa nimetafakari maana yake kwa mtu mwenye tuta la mita 3. Ndugu wa familia moja hula chakula kilekile na huugua maradhi yaleyale. Mwaka 2021 nilipanda nyanya nne, ngogwe mbili na mnafu pembeni, nikijiambia kwamba mnafu, kwa kuwa ni mboga ya asili, utakuwa mgumu na huenda ukawasaidia wengine. Kantangaze alikuja. Huyu ni nondo mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini, ambaye alithibitishwa kuwepo nchini mwaka 2014 huko Arumeru mkoani Arusha, na kiwavi wake huchimba ndani ya jani kati ya ngozi ya juu na ya chini, kisha huingia kwenye tunda lenyewe. Nilipozikagua nyanya kila asubuhi na kuminya majani yenye mabaka meupe, sikuwa na habari kwamba ndani ya majani ya mnafu, ambayo sikuyakagua, walikuwa wanalelewa wengine. Nilikuwa nafagia sebule huku mlango wa nyuma uko wazi.

Mwaka uleule nikapata mnyauko bakteria, ambao ni msiba wa aina yake. Mche wa nyanya wenye afya, majani yakiwa bado ya kijani kibichi, hulegea mchana, hujikaza usiku, na baada ya siku chache haujikazi tena. Nilidhani ni kiu, nikaongeza maji, jambo lililosaidia ugonjwa kuenea. Mwalimu mwenzangu anayefundisha baiolojia ndiye aliyenionyesha jaribio la glasi: unakata kipande cha shina karibu na ardhi, unakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa, na baada ya dakika chache, kama ni mnyauko huo, utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye jeraha. Tuliuona ukishuka. Hakuna dawa ya kuurudisha mche huo. Niling'oa yote pamoja na udongo wa mizizi, nikaitia kwenye mfuko na kuiondoa kabisa, haikwenda kwenye mboji, na nikakubali kwamba familia nzima ya nyanya isiguse tuta lile kwa miaka kadhaa.

Hapo ndipo nilipoelewa udhaifu wa tuta moja. Watu huandika kuhusu kuchanganya mazao kana kwamba ni mbadala wa kubadilisha mazao, ilhali ukichanganya kila familia kila msimu katika sanduku moja hakuna pembe inayopumzika. Kila ugonjwa hukuta mwenyeji wake nyumbani. Nilijengewa tuta la pili mwezi Novemba 2021, la vipimo vilevile, mita 4 kutoka la kwanza, na kuanzia hapo nyanya na ndugu zake hawajawahi kukaa katika matuta yote mawili kwa wakati mmoja. Tuta lenye ugonjwa nililipanda mahindi, kisha kunde, kisha mchicha, na jembe dogo la tuta hilo halivuki kwenda la pili bila kuoshwa.

Katika tuta jipya sikuchukua muda kufanya kosa jipya. Nilianza na bamia, ambazo zilizaa vizuri, na nilipoziondoa nikapanda nyanya palepale, nikijisifu kwamba familia ni tofauti. Nyanya zilidumaa. Nilipong'oa mmoja nilikuta mizizi imevimba vinundu kama shanga zilizotungwa vibaya, ambayo ni kazi ya minyoo fundo, minyoo wadogo sana wa udongoni wanaoishi ndani ya mizizi, na kumbe bamia ni miongoni mwa mazao yanayowalea minyoo hao kwa wingi kabisa. Niliporudi kuchungulia mizizi ya bamia niliyoitupa kando ya uzio, ilikuwa na vinundu vilevile, vikubwa zaidi. Tangu siku hiyo sing'oi mche wowote bila kuutazama mizizi. Ni taarifa ya bure ambayo nilikuwa naitupa kila msimu.

Marigodi, wale walinzi wangu wa pembeni, wana kazi halisi hapa, lakini si ile niliyowapa. Mizizi yake hutoa kemikali inayowadhuru minyoo fundo, na mmea wa jamii hiyohiyo, mbangimwitu, mama anaufahamu kama gugu la shambani kwake lenye harufu kali. Hata hivyo mche mmoja katika kila pembe hauwezi kusafisha udongo uliopo katikati, kwa sababu athari hiyo iko palipo na mizizi. Inafaa kuzipanda zijae tuta zima au nusu yake, ziachwe miezi miwili au mitatu, kisha zikatwe na kuchanganywa na udongo. Nilifanya hivyo katika nusu ya tuta la pili, nikajinyima mboga za msimu mmoja, na nyanya zilizofuata upande huo zilikuwa na mizizi yenye vinundu vichache kuliko za upande mwingine. Ninasema vichache, havikuisha. Jirani yangu aliyezikuta zimechanua tuta zima aliniuliza kama tunatarajia harusi.

Kuhusu mikunde nilipaswa kusahau mengi. Ni kweli kwamba kunde na maharage hushirikiana na bakteria walio katika vinundu vya mizizi yao kunasa naitrojeni ya hewani, na vinundu hivi havina uhusiano na vile vya minyoo: hivi hubanduka kwa kidole na vikipasuliwa ndani huwa vyekundu au vya waridi vikiwa vinafanya kazi. Lakini nilitarajia kunde iwe kama mama ntilie anayempakulia jirani sahani papo hapo, na haiko hivyo. Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo kunde huitumia yenyewe, na jirani hunufaika hasa baadaye, majani na mizizi inapooza. Sukuma wiki niliyoipanda kando ya kunde hai haikuwa na tofauti niliyoiona kwa macho, lakini ile niliyoipanda baada ya kunde, mahali ambapo niliikata kunde usawa wa ardhi na kuiacha mizizi humo humo, ilikuwa na majani mapana na ya kijani kizito. Ninachuma majani ya kunde kwa ajili ya chakula kwa wiki kadhaa, lakini kwa kiasi, nikikumbuka kwamba kila jani ninalolitia kwenye sufuria halitaufikia udongo.

Suala la harufu na wadudu ndilo lililonipa furaha na fedheha kwa pamoja. Vidukari walipoishambulia sukuma wiki mwezi Agosti mmoja, nilikuwa na giligilani chache zilizoponyoka zikatoa maua, ambazo nilikuwa karibu kuzing'oa kwa kuwa majani yake hayafai tena. Juu ya maua yale meupe madogo nikaona inzi wembamba wenye mistari kama nyuki, wanaoelea hewani pasipo kusogea, na baada ya wiki moja chini ya majani ya sukuma wiki nikakuta vijibuu vyao vya kijani vikila vidukari kimoja baada ya kingine, pamoja na wale wadudu wa duara wenye mgongo mwekundu na madoa meusi ambao watoto huwachezea. Sikuwamaliza vidukari wote, lakini sikuhitaji kunyunyiza kitu. Tangu hapo huacha sehemu ya giligilani ichanue kwa makusudi, na ninaona kwamba kati ya mimea yote ya harufu niliyoijaribu, ndiyo pekee ambayo faida yake nimeiona kwa macho yangu mara tatu.

Fedheha ilitokana na mtego. Nilikuwa nimesoma juu ya mbinu ya sukuma-vuta, ambayo watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, kwenye Ziwa Viktoria upande wa Kenya, waliiendeleza tangu miaka ya 1990 pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti cha Rothamsted cha Uingereza: desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde, iliyopandwa kati ya mahindi huwafukuza nondo wa viwavi vya mabua na kuzuia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, huku majani ya tembo pembezoni yakiwavuta nondo hao watage huko. Nikaona nami niweke haradali kando ya kabichi zangu ili imvute nondo mgongo wa almasi, ambaye viwavi wake hula kabichi. Haradali ilimvuta kweli. Nilichosahau ni kwamba majani ya tembo hayawalei vizuri viwavi wale, wengi hufia humo, wakati haradali yangu ililea kizazi kizima kwa starehe, na nilipokuwa safarini kwa siku 10 kizazi hicho kilihamia kwenye kabichi. Mtego usiokaguliwa ni kitalu cha wadudu. Ninaotumia sasa nauangalia kila baada ya siku mbili, na nikisafiri nauondoa.

Wapo ambao sikuwapa nafasi ya pili. Matembele yalifunika nusu ya tuta katika masika moja, na kila kipande nilichokisahau ardhini kilichipua. Sasa yana kipande chao cha mchanga nje ya bloku na yanastawi bila kubembelezwa. Mnanaa uko kwenye ndoo iliyotoboka. Mchaichai, ambao niliambiwa utafukuza mbu, ulitanua kichaka na mizizi minene hadi bloku mbili zikasogea, ukahamishiwa kwenye uzio.

Maji yanastahili neno lake, kwa kuwa tuta lililoinuliwa hukauka haraka kuliko ardhi, na bloku hupata joto na kukausha zaidi sentimita 10 za kwanza kutoka ukingoni. Niligundua kwamba ujirani mwingine huvunjika kwa sababu ya kiu tu: chainizi inataka maji asubuhi na jioni, wakati kunde ikinyweshwa hivyo hutoa majani mengi bila maganda. Siku hizi wanaokunywa sana hukaa katikati, wavumilivu hukaa ukingoni, na juu ya udongo nalaza nyasi kavu kwa unene wa vidole vitatu, si zaidi, na siziruhusu ziguse shina, kwa sababu mara mbili mchwa walizifuata nyasi wakaendelea na miche ya hoho.

Wakati ninapoandika haya ni mwanzo wa vuli. Tuta la kwanza, miaka minne tangu mnyauko, limepewa tena nyanya nne kwa majaribio, mchicha ukiwa kati yake na vitunguu ukingoni kote. Tuta la pili lina sukuma wiki, giligilani inayoelekea kuchanua, na mahali palipokuwa na kunde pamebaki vishina vilivyokatwa. Mama aliponipigia simu juzi aliniuliza nimepanda nini, nikamtajia mmoja mmoja pamoja na sababu zake. Akanyamaza kidogo, akaniuliza mchicha nitaung'oa lini. Nikamtajia tarehe. "Haya," akasema, "siku hiyo nitapiga tena."